Kufifia kwa Rangi katika Filimu za Nyumbani

Miaka michache iliyopita tuliombwa kusaidia kazi ya kupanga vitu vya zamani katika nyumba ya mapadri ya parokia moja, ambayo hatuitaji jina. Juu ya dari, karibu na dohani ya jiko, tulikuta sanduku la bati lililofungwa sana. Tulipolifungua, harufu kali kama ya siki ilitupiga puani. Ndani mlikuwa na filimu mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya milimita 8. Juu ya kifuniko chake padri mmoja wa Ulaya alikuwa ameandika kwa mkono wake: sikukuu ya misioni, 1957. Ya pili ilikuwa pana zaidi, ya milimita 16. Hiyo haikupigwa misioni. Ilinunuliwa Ulaya katika miaka ya 1960, ili waamini wapate kuona safari ya wagonjwa kwenda Lourdes.

Kijana mmoja fundi alitengeneza mashini ya sinema iliyokuwa stoo, nasi tukatundika shuka ukutani. Tulianza na ile ya Lourdes. Lo! Milima ilikuwa myekundu, mto mwekundu, mbingu nyekundu, na vitambaa vya wauguzi vilikuwa na rangi ya damu iliyochanganywa na maji. Watoto walicheka sana. Mmoja aliuliza kama zamani dunia ilikuwa hivyo. Kisha tukaweka ile ndogo. Mara migomba ikaonekana yenye majani mabichi, udongo mwekundu kama udongo wetu wa kweli, na wanawake wakapita wakiimba bila sauti. Mzee mmoja katekista akasimama, akaelekeza fimbo yake kwenye shuka, akasema: «Yule ni mama yangu. Kitambaa chake kilikuwa buluu, buluu ile ile.» Halafu akanyamaza. Na wakati huo huo mkanda ukakatika.

Tuliuunganisha, ukakatika tena. Tukazima mashini. Tutasema mwishoni kosa letu lilikuwa nini.

Usiku ule tulijiuliza swali moja. Filimu mbili zimekaa katika sanduku moja, juu ya dari moja, katika joto moja. Iliyo nzee imeshika rangi zake. Iliyo changa imezipoteza. Sababu gani? Watu husema rangi hufa kwa uzee. Lakini hapa uzee si jibu. Tulipofuata jambo hili katika historia, tuliona kwamba rangi ya filimu hudumu au hufa kwa mambo mawili: namna ilivyozaliwa kiwandani, na namna ilivyotunzwa nyumbani. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza hapa, kwa maana mwenye kuandika historia ya parokia, ya jamaa au ya nchi, siku moja atakuta sanduku kama hilo.

I. Namna filimu za nyumbani zilivyoanza

Ndugu wawili Lumière walionyesha sinema kwa watu wenye kulipa huko Paris mnamo Desemba 1895. Kwa miaka karibu thelathini kazi hiyo ilibaki hasa mikononi mwa wenye viwanda. Mkanda wao wa milimita 35 ulikuwa wa bei kubwa, tena wa hatari, kwa kuwa ulitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu kinachoshika moto upesi na kuzimika kwa shida. Mtu mwenye akili hakuweka kitu kama hicho karibu na vitanda vya watoto wake.

Mwaka wa 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa mkanda mdogo wa milimita 9.5 kwa ajili ya nyumba za watu. Mwaka wa 1923 kampuni ya Kodak, yenye makao mjini Rochester, Marekani, ilitoa mkanda wa milimita 16. Mikanda hiyo ilifanywa kwa asetati, isiyowaka kwa urahisi. Kisha, mwaka wa 1932, Kodak ilitoa milimita 8. Werevu wake ulikuwa huu: mkanda wa milimita 16 hupitishwa katika kamera mara mbili, upande huu na upande ule, kisha hukatwa katikati kwa urefu. Basi bei ikashuka, na baba wa jamaa, mwalimu, daktari au padri akaweza kupiga filimu yake mwenyewe.

Tangu hapo nyumbani mkawa na filimu za namna mbili, nasi tusizichanganye. Namna ya kwanza ni ile aliyoipiga mwenyewe. Kwa kawaida mkanda ule ule uliokuwa ndani ya kamera ndio uliosafishwa kwa dawa na kurudishwa kwake ukiwa picha tayari kwa kuonyeshwa. Hapakuwa na negativu. Mkanda huo ni mmoja tu duniani, ukipotea, umepotea. Namna ya pili ni nakala iliyonunuliwa dukani: vichekesho, safari, michezo, habari za vita, maisha ya watakatifu. Huko Marekani, Castle Films, kampuni ya Eugene Castle, ilianza kuuza nakala za namna hiyo kwa watu wa nyumbani mwaka wa 1937, na Blackhawk Films ya Davenport, katika jimbo la Iowa, ilipata wateja wengi sana kwa njia ya posta.

Filimu za kwanza zilikuwa karibu zote za nyeusi na nyeupe. Picha ya namna hiyo hufanywa na chembe ndogo sana za madini ya fedha. Fedha ni madini. Ikisafishwa vizuri na kukaa pakavu, hudumu muda mrefu mno. Tuna mfano mzuri: mchungaji Solomon Sir Jones, Mbaptisti, alipiga filimu huko Oklahoma kati ya 1924 na 1928. Alipiga watu weusi wenzake: shule zao, maduka yao, ubatizo mtoni, watu wakitoka kanisani. Mikanda yake 29 ikaingizwa mwaka wa 2016 katika orodha ya filimu ambazo Marekani imeamua kuzihifadhi kama urithi wa taifa. Ilikuwa imekwisha pita miaka karibu 90, na nyuso zile zinaonekana bado.

II. Wapiga muziki wawili

Watu hawakuridhika na kivuli, walitaka rangi. Walioleta jibu kubwa la kwanza kwa watu wa nyumbani hawakuwa wataalamu wa dawa kwa kazi yao, bali wapiga muziki. Leopold Mannes alipiga piano, na Leopold Godowsky mdogo alipiga fidla. Walijuana tangu ujana wao shuleni New York. Walifanya majaribio yao jikoni na katika bafu za nyumba za wazazi wao, mpaka Kenneth Mees, mkuu wa uchunguzi wa Kodak, alipowaita Rochester mwaka wa 1930. Husimuliwa kwamba gizani, mahali ambapo saa haikuonekana, walipima dakika za dawa kwa kupiga mluzi wa muziki wa Brahms, kwa kuwa waliujua mwendo wake barabara.

Tunda la kazi yao liliitwa Kodachrome. Lilitangazwa Aprili 1935 kwa mkanda wa milimita 16, na mwaka wa 1936 kwa milimita 8.

Tueleze kwa kifupi namna ilivyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo fumbo letu lilipo. Mkanda wa rangi una tabaka tatu nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, moja juu ya nyingine. Tabaka moja huona mwanga wa buluu, nyingine wa kijani, nyingine mwekundu. Mkanda ukisafishwa, dawa huungana na kitu kingine, ambacho sisi tutakiita kiungo cha rangi, na muungano huo huzaa rangi: ya manjano katika tabaka moja, nyekundu yenye kuelekea zambarau katika nyingine, na buluu yenye kuelekea kijani katika ya tatu. Mwisho fedha yote huondolewa. Tukumbuke neno hilo: katika filimu ya rangi fedha haibaki. Kinachobaki ni rangi tupu, kama rangi ya kitambaa.

Njia hiyo ya kuzaa rangi kwa kiungo iligunduliwa na Mjerumani Rudolf Fischer tangu miaka ya 1911 na 1912. Shida ilikuwa kumlazimisha kila kiungo akae katika tabaka lake. Mannes na Godowsky walikata shauri kutoweka viungo ndani ya mkanda hata kidogo. Waliviweka katika dawa za kusafishia, kila kimoja kwa zamu yake. Kwa hiyo mteja hakuweza kusafisha mkanda nyumbani; ilimpasa kuurudisha kiwandani kwa posta na kungoja. Kazi ilikuwa nzito. Lakini ilikuwa na faida ambayo mnunuzi hakuiona siku ile: kazi ilipokwisha, hakuna kiungo kilichosalia ndani ya mkanda. Rangi zilizobaki zilikuwa imara gizani kuliko za filimu nyingi za wakati ule.

Hata hivyo tusiseme kupita kweli. Kodachrome ya miaka ya kwanza, tangu 1935 mpaka 1938, ilisafishwa kwa njia nyingine, na rangi zake zilififia vibaya. Ni baada ya njia kubadilishwa mwaka wa 1938 kwamba ilipata sifa yake. Basi hata jina kubwa halitoshi. Lazima kujua mwaka.

III. Njia iliyo rahisi

Mwaka wa 1936 kampuni ya Agfa ya Ujerumani ilifika kwa njia nyingine. Wataalamu wake waliweka viungo ndani ya mkanda wenyewe, wakivipa kama mkia mrefu ili visiweze kuhama kutoka tabaka hata tabaka. Sasa kusafisha kukawa rahisi: dawa moja ya rangi kwa tabaka zote tatu. Kodak nayo ilifanya hivyo kwa namna yake, ikifunga viungo katika matone madogo ya mafuta. Baada ya vita, kiwanda cha Gevaert huko Mortsel, Ubelgiji, kilitoa Gevacolor, iliyofuata mfano wa Agfa.

Mwaka wa 1950 ikatoka Eastmancolor ya Kodak kwa ajili ya sinema kubwa. Kabla yake sinema kubwa za rangi zilifanywa hasa kwa Technicolor: nakala zake zilipigwa chapa kama kurasa za kitabu, rangi moja moja, nayo rangi yenyewe ilikuwa imekwisha chaguliwa kwa uimara wake. Nakala hizo zinang'aa mpaka leo. Lakini zilitaka mashini kubwa na idadi kubwa ya nakala ili bei ipungue. Eastmancolor ilitaka kamera ya kawaida na kazi ya kawaida. Ikashinda. Huko Marekani Technicolor iliacha kupiga chapa nakala za namna ile katikati ya miaka ya 1970.

Basi nakala nyingi za rangi zilizouzwa kwa nyumba, kwa shule na kwa parokia, za milimita 16 na 8, na za Super 8 iliyotokea mwaka wa 1965, zilifanywa juu ya mkanda wa ukoo huo wa Eastmancolor. Siku ya kununuliwa zilipendeza. Mtu alilipa, akaonyesha jioni moja au mbili, akaziweka kabatini. Alipozifungua baada ya miaka kadhaa, alikuta kila kitu chekundu. Ndiyo habari ya Lourdes yetu.

IV. Ugonjwa wenyewe

Wengi hudhani taa ya mashini ndiyo iliyounguza rangi. Kwa filimu inayokimbia si hivyo sana, maana kila picha hukaa mbele ya taa sehemu ndogo tu ya sekunde. Ugonjwa mkubwa hutenda gizani, ndani ya sanduku lililofungwa, hapo mwenyewe anapodhani kwamba mali yake imo salama.

Rangi ni muungano wa chembe, na miungano mingine ni dhaifu. Joto huivunja polepole, na unyevu husaidia joto. Katika nakala za zamani za Eastmancolor ile buluu ya kijani ilikuwa dhaifu kuliko zote, na manjano nayo ilipungua. Nyekundu ya zambarau ilivumilia. Fikiri juu ya kwaya yenye sauti tatu: wawili wakiondoka, wimbo haukomi, lakini unaosikia si wimbo ule tena. Kwa hiyo mkanda haukupakwa wekundu na mtu yeyote. Wekundu ulikuwamo tangu mwanzo; wenzake ndio waliokufa.

Joto lina nguvu gani? Kwa hesabu ya jumla, kila joto linaposhuka kwa digri 5 hivi, mwendo wa kuharibika hupungua kwa karibu nusu. Tuseme kwa mfano: mkanda ambao katika digri 30 ungedumu miaka 20, katika digri 20 ungeweza kukaribia miaka 80. Kinyume chake, mkanda uliowekwa juu ya dari ya mabati, karibu na dohani, tumeuhukumu sisi wenyewe.

Upo tena ugonjwa wa pili, usiohusu rangi tu bali mwili wenyewe wa mkanda. Asetati ile isiyowaka, joto na unyevu vikiishika, huanza kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayofanya siki iwe kali. Asidi ikiongezeka huharakisha uharibifu, na uharibifu huzaa asidi zaidi. Mkanda hunyauka, hupindika, huwa kama jani kavu. Hewa yake mbaya huambukiza mikanda jirani, na hudhuru rangi pia. Ugonjwa huo uliarifiwa kwa Kodak mwaka wa 1954 kutoka India, juu ya filimu za serikali zilizokaa mahali pa joto na unyevu. Nchi zetu zenye mvua na jua zisishangae.

V. Neno dogo juu ya sanduku

Hapa historia inageuka kuwa swali la haki. Je, wenye viwanda walijua?

Walijua kwamba rangi hazidumu milele. Juu ya masanduku ya filimu za Kodak paliandikwa, kwa herufi ndogo, kwamba rangi huweza kubadilika kadiri ya muda, na kwamba kampuni haitalipa kwa ajili ya badiliko hilo. Mtu hawezi kusema hakuandikiwa. Lakini ni baba gani, aliyenunua mkanda ili kumpiga mtoto wake anayeanza kutembea, aliyesoma neno lile akaelewa kwamba filimu hii itakumbuka miaka hamsini, na ile miaka kumi na tano tu? Tofauti kati ya aina na aina haikuandikwa juu ya sanduku. Matangazo yalisema: hifadhi kumbukumbu zako. Herufi ndogo zilisema jambo jingine.

Hatupendi kumhukumu mtu kwa haraka. Filimu rahisi ilileta rangi hata kwa maskini, na hilo ni jema. Lakini wepesi una bei yake, na bei hiyo mara nyingi hulipwa na wale waliozaliwa baadaye, ambao hawakuulizwa.

Mwaka wa 1980 Martin Scorsese, mwongozaji wa sinema wa Marekani, aliandika hadharani juu ya jambo hili, akikusanya sahihi za wenzake na kuiomba Kodak itengeneze mkanda usiofifia. Alikuwa ameona sinema za ujana wake zimekwisha kuwa nyekundu. Katika miaka michache iliyofuata Kodak ilitoa mkanda mpya wa nakala, unaojulikana kwa herufi LPP zilizochapwa kando yake, ambao rangi zake ni imara zaidi sana. Yaani iliwezekana. Mtaalamu Henry Wilhelm, aliyechunguza kufifia kwa picha kwa miaka mingi, alitoa mwaka wa 1993 kitabu kikubwa kinachopima uimara wa aina mbalimbali za filimu na picha. Tangu hapo mtu asiye wa kiwanda aliweza kulinganisha.

Kodachrome yenyewe, iliyo imara, haikuishi kuliko mahasimu wake. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka wa 2009, na kiwanda cha mwisho kilichoisafisha, katika mji wa Parsons, jimbo la Kansas, kilipokea mikanda ya mwisho tarehe 30 Desemba 2010.

VI. Mashahidi wawili

Labda seminaristi mmoja atasema: rangi ni pambo tu, habari ni ile ile, iwe nyekundu iwe buluu. Tumjibu kwa mifano miwili.

Mwaka wa 1942, wakati wa vita, serikali ya Marekani iliwaondoa watu zaidi ya 100,000 wenye asili ya Kijapani katika pwani ya magharibi na kuwafungia kambini. Dave Tatsuno, mtu wa biashara wa San Francisco, alipelekwa na jamaa yake Topaz, jangwani Utah, kambi iliyofikia watu zaidi ya 8,000. Kamera zilikatazwa. Msimamizi wake katika duka la kambi alimsaidia kupata kamera yake ya milimita 8, naye akapiga kwa siri, kwa rangi: vumbi la jangwa, theluji, watu wakitwanga mchele kwa mikate ya mwaka mpya, watoto. Picha nyingi tulizo nazo za kambi hizo ni za nyeusi na nyeupe, na nyingine zilipigwa na watu wa serikali. Mkanda wa Tatsuno waonyesha nguo za mtoto zilivyokuwa na rangi ya furaha mbele ya nyumba za mbao zisizo na furaha. Ondoa rangi hiyo, umeondoa nusu ya ushuhuda: kwamba watu hao, hata kifungoni, waliendelea kuishi. Filimu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi mwaka wa 1996.

Mfano wa pili unajulikana kote. Tarehe 22 Novemba 1963, huko Dallas, Abraham Zapruder, mwenye kiwanda cha nguo, alikuwa na kamera ya milimita 8 yenye Kodachrome II. Katika sekunde zisizofika 27, katika picha 486, alipiga mauaji ya Rais Kennedy. Siku ile ile zilifanywa nakala tatu. Wachunguzi wamebishana miaka mingi juu ya mambo madogo sana ya mkanda huo, na mara nyingi walilazimika kurudi kwenye mkanda wa asili, kwa kuwa nakala hupoteza kitu. Mwaka wa 1999 waamuzi waliamua kwamba serikali ya Marekani iwalipe warithi dola milioni 16 kwa mkanda huo. Waliona kwamba mkanda wa asili wenyewe ni kitu kisichoweza kubadilishwa na kingine.

VII. Wajibu wetu

Kwa mwenye kuandika historia tunatoa shauri la kwanza: usimsadiki shahidi kabla ya kujua kilichompata. Ukiona filimu nyekundu, usiseme jioni ilikuwa nyekundu, wala ukuta ulipakwa hivyo. Angalia kando ya mkanda, pale penye matundu: mara nyingi pameandikwa jina la kiwanda, na katika mikanda ya Kodak mna alama ndogo, duara, mraba au pembe tatu, zinazoonyesha mwaka wa kutengenezwa. Alama hizo hurudia baada ya miaka 20, basi zilinganishwe na mambo mengine. Mkanda, kama hati ya zamani, husomwa hata pembezoni.

Shauri la pili ni juu ya kutengeneza upya. Siku hizi mashini husoma kila picha na kuiweka katika ordinateri, na fundi huweza kuinua rangi iliyodhoofika ikiwa bado ipo kidogo. Hiyo ni kazi njema. Lakini rangi iliyokwisha kabisa hairudi, fundi atabuni. Basi iandikwe wazi: hapa rangi imerudishwa, hapa imebuniwa. Tena mkanda wa asili usitupwe baada ya kunakiliwa. Hata Kanisa limeona haja ya kutunza filimu zenyewe: Papa Yohane XXIII alianzisha Filmoteka ya Vatikano mwaka wa 1959.

Shauri la tatu ni la nyumbani. Mikanda isikae darini wala karibu na jiko. Ikae chumba chenye hewa, mahali pa baridi kuliko pote, mbali na sakafu yenye maji. Inayonuka siki itengwe na mizima, wala isifungwe katika bati lisilopitisha hewa. Na mtu asiipitishe katika mashini ya zamani kwa haraka ya kutaka kuona.

Hilo ndilo kosa letu, nasi tunalikiri. Harufu ilituonya, hatukuelewa. Mkanda wa 1957 ulikuwa umenyauka, matundu yake hayakulingana tena na meno ya mashini, nasi tukaulazimisha. Rangi zake zilikuwa na afya, mwili wake ulikuwa unakufa. Picha kadhaa zilichanika mahali pale pale wanawake walipopita.

Baadaye tulipata mtu mwenye ujuzi, aliyeunakili mkanda picha kwa picha bila kutumia meno. Alituletea pia picha moja juu ya karatasi, nasi tukampelekea mzee katekista. Aliishika mbali na macho yake, kama wazee wanavyosoma. Kisha akauliza kama twaweza kuiandika nyuma jina la mama yake, maana, alisema, yeye akiisha kufa hakuna mtu atakayejua mwenye kitambaa kile ni nani.

Tuliandika mbele yake, kwa kalamu ya risasi, isiyofifia upesi: jina, mwaka, misioni. Ndugu wasomaji, anzeni na hayo. Waulizeni wazee majina, wangali wapo.